Mbwa wa kazi akijeruhiwa nchini Kenya: hatua za kufuata hadi mahakamani

Kila mbwa wa kufuata nyayo anapokatwa panga au kulishwa nyama yenye sumu, mimi huulizwa maswali yale yale matatu. La kwanza: kuna sheria inayomlinda? La pili: niende wapi kwanza? La tatu huulizwa kwa sauti ya chini: si watanicheka kituoni? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu kando ya barabara, na kila mara mtu huondoka na kipande cha jibu. Kipande hakitoshi. Kesi ya mbwa wa kazi huanguka kwa jambo dogo lililorukwa siku ya kwanza: mzoga uliozikwa mapema, au neno moja lililoandikwa vibaya kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Kwa hiyo nimeyapanga yote hapa, kuanzia dakika mbwa anapoanguka hadi siku hakimu anapotaja fidia.

Mwongozo huu ni wa Kenya. Ni wako ikiwa unaongoza mbwa wa kunusa kwenye hifadhi, mbwa wa ulinzi wa kampuni, au mbwa wa kutafuta watu waliopotea na waliofukiwa na vifusi. Ikiwa wewe ni askari polisi au askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mbwa ni mali ya serikali na wakubwa wako ndio watakaoisukuma kesi. Hata hivyo hatua ya 1 hadi ya 5 ni zako, maana wewe ndiwe shahidi mkuu.

Sheria utakazozitumia

Mbwa wako analindwa na sheria zilizoandikwa kwa makusudi mengine. Kazi yako ni kuzielekeza kwake.

Ya kwanza ni Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Kifungu cha 3 kinakataza kumpiga, kumtesa au kumtendea mnyama kwa ukatili. Adhabu yake ya juu ni faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, au vyote viwili. Elfu tatu! Ndiyo maana nasisitiza kwamba kesi isiishie hapo.

Ya pili ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, na hapa ndipo penye nguvu. Kifungu cha 267 kinasema mnyama wa kufugwa aliye mali ya mtu anaweza kuibwa, kwa hiyo kisheria mbwa ni mali. Kifungu cha 338 kinamshika anayeua, kulemaza au kujeruhi kwa makusudi na bila haki mnyama anayeweza kuibwa. Kifungu cha 339 ni cha kuharibu mali kwa makusudi, na kifungo chake hufika miaka mitano. Najua inauma kumwita mali mwenzako wa kazi ambaye amelala mlangoni pako miaka sita. Lakini mbele ya hakimu neno hilo "mali" ndilo lenye meno, litumie.

Ya tatu ni kifungu cha 31 cha Kanuni hiyo hiyo, kinachomruhusu hakimu kumwamuru aliyepatikana na hatia amlipe fidia aliyedhurika. Wengi hawaombi fidia hii kwa sababu hawajui kuwa inaombwa.

Kabla hatujaendelea, kisa kimoja kutoka Uingereza, kwa sababu kinaonyesha mtego utakaoukuta hapa. Tarehe 5 Oktoba 2016, mjini Stevenage, mbwa wa polisi aitwaye Finn alichomwa kisu kifuani na kichwani akimkamata mshukiwa pamoja na askari wake, Dave Wardell. Mbwa aliponea chupuchupu. Kumjeruhi Wardell kulishtakiwa kama kosa dhidi ya mtu. Kumchoma Finn kukashtakiwa kama uharibifu wa mali. Sheria yao ya ustawi wa wanyama haikufaa, kwa sababu mshtakiwa angeweza kudai alikuwa akijikinga na mbwa. Watu wakapiga kampeni, na Aprili 2019 ikapitishwa sheria ambayo Waingereza huiita Sheria ya Finn: anayemdhuru mnyama wa polisi aliye kazini chini ya afisa wake hawezi tena kujificha nyuma ya dai hilo katika kesi ya ukatili. Mwaka 2021 kifungo cha juu cha ukatili kwa wanyama huko kikapandishwa hadi miaka mitano.

Yabebe mambo mawili kutoka hapo. Moja, dai la "nilikuwa najikinga" ndilo utakalolisikia Kenya, na hapa bado liko wazi, kwa kuwa kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinakubali mtu ajitetee na atetee mali yake. Mbili, Sheria ya Finn inamshughulikia mbwa aliye chini ya polisi na maafisa wa aina hiyo. Mbwa wa mwokoaji wa kujitolea yuko nje yake. Jimbo la Florida kule Marekani limefanya vizuri zaidi, maana sheria yao inamtaja waziwazi mbwa wa utafutaji na uokoaji anayetumiwa na zimamoto au polisi, na kumuua kunaweza kukufunga hadi miaka 15. Basi kama mbwa wako ni wa kujitolea, karatasi zinazothibitisha aliitwa na nani ni muhimu kwako kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya balaa

Vikusanye leo. Siku ya tukio hutapata nafasi.

- Ushahidi wa umiliki: risiti ya ununuzi, barua inayoonyesha ulimpokea kama msaada, au cheti cha kuzaliwa kwa mbwa. Kama ana chipu mwilini, iandike nambari yake mahali pawili.
- Picha zake akiwa mzima: pande zote mbili, uso, na alama yoyote ya kipekee. Zipigwe upya kila mwaka.
- Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ambacho hakijaisha muda.
- Leseni ya mbwa ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limewapa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za mbwa na kusimamia ustawi wa wanyama. Mbwa asiye na leseni humpa wakili wa upande wa pili swali la bure la kukuulizia.
- Kumbukumbu za mafunzo: alifunzwa na nani, lini, kazi gani, alipimwa vipi.
- Daftari la kazi. Kila mara mnapotoka andika tarehe, saa, aliyewaita, mahali, na saa ya kurudi. Ukiitwa kwa simu, omba ujumbe mfupi wa kuthibitisha na uuhifadhi.
- Hanesi, yaani mikanda ya kifuani, yenye maandishi yanayosomeka kwa mbali: POLISI, UOKOAJI, au jina la hifadhi.
- Nambari za madaktari wawili wa mifugo waliosajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, KVB. Wawili, kwa sababu mmoja huwa amesafiri.
- Mfuko mdogo wa huduma ya kwanza: bendeji pana, vitambaa safi, glavu, mifuko ya plastiki mipya, kalamu isiyofutika, na kitambaa cha kumfunga mdomo. Mbwa mwenye maumivu humuuma hata anayempenda.

Hatua za kufuata

1. Okoa uhai. Kabla ya simu, kabla ya picha, zuia damu. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na usikiondoe kila dakika kuangalia; kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kitu kilichochomeka mwilini kiache mahali pake hadi kwa daktari. Kama ni sumu, mtoe mbwa hapo, vaa glavu kabla ya kugusa mate au matapishi yake, na mpigie daktari ukiwa njiani. Usimlazimishe kutapika bila agizo la daktari, na usimpe dawa zako za maumivu: parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kumuua mbwa.

Kama mko wawili, mmoja abaki mahali pa tukio. Kama uko peke yako, piga picha tatu za haraka ukiondoka. Hakuna hakimu atakayekulaumu kwa kumkimbiza mbwa kwa daktari.

2. Linda mahali na vitu. Anayebaki asiruhusu watu kukanyagakanyaga. Piga picha kwa mbali, kisha kwa karibu: damu, nyayo, panga, mshale, jiwe, kipande cha nyama. Andika saa. Waulize walioona majina yao na simu zao hapo hapo, maana kesho watakuwa hawakuona kitu.

Silaha usiishike, iache polisi waichukue. Mkiona itapotea, ichukue kwa glavu, itie kwenye mfuko mpya, andika juu yake nani ameichukua, wapi, saa ngapi, na mbele ya nani. Kila mkono unaoipokea baadaye uandikwe vivyo hivyo. Kielelezo kisicho na mnyororo wa mikono hiyo hukataliwa.

Nyama yenye sumu haiguswi kwa mkono mtupu hata kidogo. Kabofurani, dawa ya kuulia wadudu shambani ambayo imewamaliza simba na tai wengi katika nchi hii, ni hatari kwa binadamu pia. Zuieni mbwa wengine na watoto.

3. Pata ripoti ya daktari wa mifugo, si risiti tu. Hapa ndipo wengi wanakosea. Binadamu aliyeumizwa hupewa fomu ya P3, daktari akaijaza, na kila askari anaijua. Mbwa hana P3. Ripoti ya daktari wa mifugo ndiyo P3 yake, na ni wewe wa kuhakikisha imeandikwa kamili. Muombe daktari aandike:

- jina lake na nambari yake ya usajili KVB;
- jinsi alivyomtambua mbwa (chipu, rangi, alama);
- tarehe na saa alipompokea;
- kila jeraha, mahali lilipo, urefu na kina chake;
- kitu ambacho kwa maoni yake kimelisababisha, chenye makali au butu;
- jeraha lina umri gani;
- matibabu, gharama, na kama mbwa ataweza kurudi kazini.

Jambo hilo la mwisho huamua fidia. "Amepona" na "amepona lakini hataweza tena kufuata nyayo kwa sababu mshipa wa mguu wa mbele umekatika" ni kesi mbili tofauti.

Kama wewe mwenyewe umeumia, hata mkwaruzo, nenda hospitali na uchukue P3 yako. Anayemshambulia askari polisi aliye kazini hushtakiwa chini ya kifungu cha 253, kifungo cha hadi miaka mitano, na shtaka hilo likisimama kando ya lile la mbwa huibadilisha sura ya kesi nzima.

Mbwa akifa, usimzike. Najua uchungu wa kumwacha mwenzako amelala kwenye turubai, na najua wazee watakuambia umsitiri. Mpeleke kwa daktari apasuliwe. Kama inashukiwa sumu, daktari achukue sampuli za tumbo na ini, azifunge na kuzitia alama, na polisi wazipeleke kwa Mkemia wa Serikali. Zikibebwa na wewe mwenyewe kwenye mfuko wa ununuzi, wakili wa utetezi atauliza nani anajua ulitia nini humo njiani.

4. Ripoti kituoni na uchague maneno. Nenda siku hiyo hiyo, kituo cha eneo la tukio. Usiseme "mbwa wangu ameumizwa." Askari wa zamu ana foleni ya watu waliopigwa na kuibiwa, na sentensi hiyo itakupeleka mwisho wa foleni. Sema: "Nimekuja kuripoti kujeruhiwa kwa makusudi kwa mbwa wa kazi, mali yenye thamani, kinyume na vifungu vya 338 na 339 vya Kanuni ya Adhabu." Itamke taratibu. Mbwa wa kampuni au hifadhi, taja mwenye mali kwa jina lake kamili.

Kabla hujaondoka, omba usomewe kilichoandikwa kwenye OB, kisha uchukue nambari yake. Nimewahi kumsindikiza mwenzangu aliyeripoti mbwa wake kukatwa panga, tukaja kugundua wiki tatu baadaye kwamba OB ilisema "mbwa amepotea." Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, askari alikuwa amechoka, nasi hatukusoma. Kusahihisha neno hilo kulituchukua muda mrefu kuliko kumtibu mbwa.

5. Andika taarifa yako yote, kwa mpangilio wa saa. Taarifa inajibu dai la kujikinga kabla halijatolewa. Kwa hiyo eleza: mliitwa na nani, mbwa alikuwa kwenye kamba ya urefu gani, au kama alikuwa ameachiwa, ni kwa amri ipi, hanesi ilikuwa na maandishi gani, ulipaza sauti kuonya na kusema nini, mshukiwa alikuwa umbali gani, alikuwa akikimbia, amesimama, au alikuwa akija kwenu, pigo la kwanza lilikuwa la nani. Kama mbwa alimuuma, sema alimuuma. Kuficha kutakuumbua kwenye maswali, na mbwa aliyemshika mkono mtu mwenye panga kwa amri yako hajafanya kosa.

Usitie chumvi wala usikisie. "Nilisikia mbwa akilia, nikageuka, nikaona mtu wa shati jekundu akiinua panga kwa mara ya pili" ni bora kuliko "alimkatakata kwa unyama."

6. Fuatilia shtaka lenyewe. Mpelelezi akimaliza, jalada huenda kwa Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ODPP. Ndiyo yenye uamuzi wa mwisho kuhusu kifungu. Usingoje siku ya kusomwa mashtaka ndipo ugundue kuwa ni Sura ya 360 peke yake. Andika barua fupi kwa ofisi ya ODPP ya kaunti yako, taja nambari ya OB, ambatisha nakala ya ripoti ya daktari na kumbukumbu za mafunzo, na uombe waangalie vifungu vya 338 au 339, huku shtaka la ukatili likiwa la pili. Barua ya ukurasa mmoja yenye viambatisho husomwa. Ya kurasa tano zenye hasira huwekwa pembeni.

Unaweza pia kuwaarifu KSPCA, chama cha kulinda wanyama kilichoko Karen, Nairobi. Wamezoea kesi za ukatili, na kituoni neno la mkaguzi wao hupokewa kwa uzito mwingine.

7. Thibitisha thamani. Mahakama haijui kwamba mbwa aliyefunzwa si sawa na yule wa kubweka langoni. Onyesha bei ya kununua, usafiri, ada ya mkufunzi, miezi ya mafunzo, vifaa, na gharama ya kumpata na kumfunza mwingine. Kisha uongeze matibabu na siku ambazo kazi ilisimama. Kila shilingi iwe na karatasi. Usichojua kiache, maana tarakimu moja ya kubuni hutia shaka kwa zote.

8. Mahakamani. Picha na video za simu ni ushahidi wa kielektroniki, na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha kuzisindikiza: aliyezipiga, kwa kifaa gani, namna zilivyohamishwa na kuchapishwa, na sahihi yake. Mwambie mpelelezi mapema. Simu yenyewe usiiuze wala kuifuta hadi kesi iishe.

Daktari wa mifugo aje atoe ushahidi mwenyewe. Mpe tarehe mapema na umlipie nauli. Anaacha kazi zake.

Mshtakiwa akipatikana na hatia, kabla ya hukumu kusomwa mkumbushe kiongozi wa mashtaka aombe fidia chini ya kifungu cha 31, na amkabidhi hakimu hesabu yako ya hatua ya 7. Ukinyamaza, hakimu atatoa faini, na faini huenda kwa serikali.

9. Dai la madai, kama fidia haikutoka. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai ya hadi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya uharibifu wa mali, na sheria yake imeipa siku 60 kuamua. Huhitaji wakili. Kwa mbwa wengi wa kazi hii ndiyo njia ya haraka zaidi ya kupata pesa za matibabu, na haikungoji umalize kesi ya jinai. Dai la zaidi ya hapo hupelekwa kwa hakimu wa kawaida. Muda wa mwisho wa kudai madhara ya namna hii ni miaka mitatu tangu siku ya tukio.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

Kubwa kuliko yote ni kuweka picha za mshukiwa mitandaoni kabla ya kuripoti. Mashahidi huogopa, mshukiwa hutoroka, na utetezi hupata cha kusema. Ngoja.

Lingine ni kulipiza kisasi. Mtu amekamatwa amefungwa mikono, halafu mwenye mbwa anampiga. Hapo umeigeuza kesi. Sasa mshtakiwa ni wewe, na mbwa amesahauliwa.

Na kuna lile ambalo watu hawapendi kusikia. Sura ya 360 hiyo hiyo inakuhusu wewe. Mbwa aliyefungiwa ndani ya gari kwenye jua la Magadi, mbwa anayefanyishwa kazi akichechemea, mbwa asiyepewa maji tangu asubuhi, wote ni wahanga wa ukatili hata kama anayewatesa ana sare. Ukifika mahakamani na mbwa mwenye mbavu za kuhesabika, swali la kwanza halitakuwa la panga.

Ukikwama

*Askari anakataa kuandika OB.* Omba kuonana na OCS, mkuu wa kituo, kwa adabu. Ukishindwa, nenda kituo cha juu yake au uandike barua kwa kamanda wa kaunti ndogo ukitaja tarehe na saa uliyofika. Usitukane mtu kaunta. Utarudi hapo mara nyingi.

*Mshtakiwa anasema mbwa alimrukia naye akajitetea.* Rudi kwenye majeraha. Mbwa aliyekatwa mgongoni au mguu wa nyuma hakuwa akimrukia mtu. Mbwa aliyekatwa mara nne hakukatwa kwa kujikinga pigo moja. Ndiyo maana daktari lazima aandike mahali pa kila jeraha. Kisha onyesha kamba, hanesi na onyo ulilotoa.

*Mshtakiwa anasema hakujua ni mbwa wa kazi.* Hilo haliondoi kosa la kuharibu mali ya mtu, lakini hupunguza adhabu. Picha ya hanesi aliyoivaa siku hiyo ndiyo jibu, na usiifue damu kabla polisi hawajaiona.

*Chifu au wazee wanataka mmalizane nyumbani.* Si lazima ukatae. Katiba yenyewe, Ibara ya 159, inahimiza suluhu za namna hiyo. Ila ripoti kwanza, pata OB kwanza, pata ripoti ya daktari kwanza. Makubaliano yaandikwe, yataje kiasi na tarehe za malipo, yawekwe sahihi mbele ya mashahidi, na polisi wajulishwe. Mbwa akiwa wa serikali au wa kampuni, wewe huna mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya mwenye mali. Na kama aliyemkata alikuwa jangili au mwizi wa ng'ombe, hilo si la kumalizia nyumbani.

*Hakuna daktari wa mifugo karibu.* Afisa wa mifugo wa kaunti anaweza kumwona mbwa kwanza na kuandika alichokiona. Daktari aliyesajiliwa akamalizia baadaye. Wakati huo piga picha za majeraha ukiweka rula au sarafu kando yake ili ukubwa uonekane.

*Mshukiwa hajulikani.* Ripoti vivyo hivyo. Mara nyingi mtu hukamatwa kwa kosa jingine miezi baadaye akiwa na silaha ile ile, na OB yako ndiyo itakayounganisha mambo.

*ODPP imekataa kushtaki.* Omba sababu kwa maandishi. Sheria inaruhusu mtu binafsi kuanzisha mashtaka, lakini hilo lifanye na wakili, si peke yako. Dai la hatua ya 9 halikomi kwa sababu ODPP imekataa.

*Niko Tanzania, haya yananihusu?* Mpangilio wa hatua, ndiyo, vifungu, hapana. Huko shika Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, sehemu ya kuharibu mali kwa makusudi. Nambari za vifungu zikague kwenye toleo jipya la sheria zilizorekebishwa kabla ya kuziandika popote. Kituoni omba nambari ya RB, kitabu cha ripoti cha polisi wa huko.

*Mbwa amepona mwili lakini anaogopa kazi.* Hili nalo ni hasara, lithibitishe. Mkufunzi ampime tena kwa kazi ile ile aliyokuwa akiifanya, alinganishe na kumbukumbu za zamani, na aandike tofauti kwa tarehe na matokeo. Rekodi video za majaribio hayo. Mbwa aliyekuwa akifuata harufu ya saa nyingi na sasa anarudi nyuma akisikia sauti ya mtu kichakani hawezi kurejeshwa kazini kwa dawa za antibiotiki, na hakimu ataamini akionyeshwa. Mpe mbwa muda, usimrudishe kazini ili upate video hiyo.